Msanii tajiri akichangisha mashabiki: hela ya mchangiaji inakaa foleni ya ngapi?

Hesabu za Seti (mleta mada)

Wakuu, kila msanii mwenye jina akifungua kampeni Kickstarter, mtandao wa kuchangishia miradi, mjadala unakwama palepale: "Ana hela, kwa nini asitoe mfukoni?" Naomba leo tuusogeze mbele. Kwangu mimi tajiri ana haki ya kuchangisha kama mtu mwingine yeyote. Ila anadaiwa maelezo kuliko mtu mwingine yeyote, na maelezo yenyewe ni haya: hela ya mchangiaji imewekwa wapi kwenye bajeti, na nani amepunguziwa hatari kwa hela hiyo.

Tuanze na kampeni iliyowasha mjadala huu. Tarehe 13 Machi 2013 Rob Thomas, aliyebuni tamthilia ya Veronica Mars, pamoja na mwigizaji wake mkuu Kristen Bell, waliomba dola milioni 2 za kutengeneza filamu. Zilitimia siku hiyohiyo. Kampeni ilipofungwa zilikuwa zimeingia dola 5,702,153 kutoka kwa watu 91,585, wastani wa dola 62 kwa kichwa. Sasa angalieni kitu kimoja: hakimiliki ilikuwa ya studio ya Warner Bros. Thomas hata angekuwa na hizo milioni 2 benki, asingewasha kamera bila ruhusa yao. Mapatano yalikuwa mashabiki walipie utengenezaji, studio ibebe matangazo na usambazaji.

Kwa hiyo tajiri wa kuulizwa pale hakuwa Bell wala Thomas. Alikuwa mwenye mali.

Mapato ya filamu hugawanywa kwa foleni. Msambazaji anakata ada na gharama zake. Inafuata benki iliyokopesha kwa dhamana ya mauzo ya filamu nje ya nchi. Baada ya benki wanakuja wawekezaji, ambao kwa kawaida hurudishiwa mtaji wao na nyongeza, mara nyingi 20%. Kikibaki kitu, kinagawanywa nusu kwa wawekezaji na nusu kwa watayarishaji. Mchangiaji wa Kickstarter hayumo kwenye foleni hiyo kabisa. Hela yake imeingia kama mtaji, lakini haidai.

Hesabu ya mfano: filamu ya dola milioni 5, mkopo milioni 2, na baada ya msambazaji kukata chake filamu inaingiza milioni 4. Riba niiache ili hesabu isomeke.

Bila mashabiki, wawekezaji wameweka milioni 3. Benki inachukua 2, wawekezaji wanapata 2, wamepoteza milioni 1. Mtayarishaji hapati hata senti ya faida.

Wakiwepo mashabiki wa milioni 2, wawekezaji wameweka milioni 1 tu. Benki inachukua 2, wawekezaji wanapata 1.2, na inabaki laki nane. Mwekezaji anaongeza laki nne, mtayarishaji anaondoka na laki nne. Filamu ni ileile, mapato ni yaleyale, tena ni mapato ya filamu iliyopata hasara, lakini watu wawili wametoka na faida. Faida hiyo imetoka kwa mchangiaji.

---

Mweka Hazina

Mkuu, hesabu yako haina kosa lakini nakupinga kwenye jina la hiyo hela. Wewe unaiita mtaji, mimi naiita manunuzi.

Ukichangia harusi, kadi ya single ina bei yake na ya double ina bei yake. Hakuna anayeuliza baba wa bibi harusi ana magari mangapi, wala hakuna anayedai mgao wa zawadi zilizofungwa. Umelipia kiti, sahani na vinywaji. Veronica Mars ilikuwa na ngazi za namna hiyo: dola 10 unapata mswada wa filamu kwa faili la PDF, 25 inaongezeka fulana, 35 inaongezeka nakala ya filamu ya kupakua, 50 unapata na DVD. Jumlisha bei ya dukani ya fulana na filamu, utakuta dola 35 si sadaka. Ngazi ya dola 10,000 ilikuwa moja tu, ya kuigiza kama mhudumu wa mgahawa na kutamka sentensi, na ilichukuliwa.

Aliyenunua akapewa alichonunua hana deni na mtu. Ninachokubaliana nawe ni kwamba kamati ya harusi husoma mapato na matumizi mbele ya wajumbe. Hicho ndicho kampeni nyingi za wakubwa hazifanyi.

---

Hesabu za Seti

Mweka Hazina, kama ni manunuzi basi tuyapime kama manunuzi. Mnunuzi anajua anapata kitu gani, lini, na kwa namna gani ya kukitumia. Hapo Veronica Mars ilijikwaa. Filamu ilitoka tarehe 14 Machi 2014, na nakala za kupakua zikatolewa kupitia Flixster na mfumo wa UltraViolet. Ilibidi ufungue akaunti, usakinishe programu yao, na kwa watu wengi filamu ikagoma kupakuliwa au kucheza kwenye kifaa walichozoea. Studio ikabidi iahidi kuwarudishia hela walioamua kuinunua upya iTunes au Amazon.

Kosa lilifanyika mwaka mzima kabla, siku ya kuandika ukurasa wa kampeni. "Nakala ya kupakua" ni maneno matatu ambayo hayasemi faili la aina gani wala linafunguka wapi. Mashabiki walijaza picha ya iTunes kichwani, studio ikajaza picha ya mfumo wake. Anayeandika ngazi za zawadi ataje muundo wa faili, mahali pa kulichukulia, na nchi ambako litafunguka.

---

Karani wa Posta

Hapo kwenye zawadi ndipo hela inapovujia, na ndipo wasanii wakubwa wanapoumia kuliko wadogo, kwa sababu wanauza fulana nyingi mno. Chukua kampeni ya dola 100,000 yenye wachangiaji 1,600.

Kickstarter inakata 5%: dola 5,000. Malipo ya kadi Marekani ni 3% na senti 20 kwa kila mchango: dola 3,000 na 320. Zimebaki 91,680. Tuseme watu 1,000 wamechagua fulana, 800 wa ndani na 200 wa nje. Fulana moja dola 7, kuituma ndani 6, kuituma nje 18. Wa ndani wanakula 10,400, wa nje 5,000. Zimebaki 76,280, na hujachapa bango, hujagusa DVD, hujalipa kodi. Marekani michango ya namna hii kwa kawaida huhesabiwa kuwa mapato, kwa hiyo kampeni ikifungwa Novemba na matumizi yakaanza Februari, hela imeingia mwaka mmoja na gharama zimeangukia mwaka mwingine. Mhasibu aulizwe kabla ya kuchagua tarehe ya kufunga, si baada.

Mambo matatu yanayoharibu hesabu hiyo:

Saizi. Ukiuliza saizi siku ya mchango na kutuma baada ya miezi 14, watu wamebadilika na anwani zimebadilika. Dodoso la saizi na anwani litumwe fulana zikiwa karibu kwenda kiwandani, na uchape ziada kidogo katika kila saizi, hasa kubwa.

Uzito. Bango likiwekwa kwenye mrija haliwezi kwenda bahasha moja na fulana. Zawadi mbili zinakuwa vifurushi viwili, na gharama ya posta inazidi mara mbili. Ngazi zipangwe kwa vitu vinavyoingia kwenye kifurushi kimoja.

Forodha. Tangu 1 Januari 2021 Uingereza inataka VAT ya vifurushi visivyozidi pauni 135 itozwe wakati wa kuuza, na tangu 1 Julai 2021 Umoja wa Ulaya uliondoa msamaha wa vitu vya chini ya yuro 22. Kampeni zilizopanga bei ya posta kabla ya hapo na kutuma baadaye zilikuta mchangiaji wa Ujerumani anadaiwa kodi mlangoni kwa kitu alichokwisha kulipia.

---

Taa Nyekundu

Tumemsahau mwigizaji na mwongozaji Zach Braff, na kelele zake zilikuwa kubwa kuliko za Veronica Mars. Aprili 2013 aliomba dola milioni 2 za filamu yake *Wish I Was Here*, akapata 3,105,473 kutoka kwa watu 46,520. Sababu aliyoitoa ilikuwa wazi: wenye hela walitaka kauli ya mwisho kwenye uhariri na kwenye uchaguzi wa waigizaji, yeye hakutaka kuiachia. Kampeni ikiwa bado iko hewani, Mei, zikatoka habari kutoka tamasha la filamu la Cannes kwamba kampuni ya Worldview Entertainment imeingia kama mfadhili. Watu wakahisi wametapeliwa: kumbe hela ilikuwepo?

Ile ya Worldview ilikuwa hela ya kuziba pengo. Tangu mwanzo Braff alisema ataweka hela yake mwenyewe na atauza mapema haki za kuionesha filamu nje ya nchi. Kwa nchi ambazo bado hazijapata mnunuzi, unahitaji mkopeshaji wa kusubiri nawe, naye anataka kwanza aone sehemu ya bajeti imeshasimama bila deni. Milioni 3 za mashabiki ndizo zilizomfanya mkopeshaji akae mezani. Bila hizo huenda asingesikiliza hata mazungumzo.

Kwa hiyo utapeli haukuwepo. Lakini mtu wa dola 30 hawezi kuyajua hayo kama hakuandikiwa. Mistari minne ingetosha pale juu ya ukurasa: bajeti nzima ni kiasi fulani, yangu ni kiasi fulani, mkopo kiasi fulani, pengo lililobaki ndilo ninaloomba kwenu. Januari 2014 kampuni ya Focus Features iliinunua filamu hiyo kwenye tamasha la Sundance kwa dola milioni 2.75. Habari hiyo ilipotoka, aliyechangia hakuwa na mahali pa kuona hela hiyo inaenda kwa nani.

---

Pwani Sauti

Wadau, mimi jambo linalonisumbua ni lingine. Wakubwa wakimwaga kampeni zao pale, wanawanyang'anya wadogo hewa. Mtu ana dola 50 za kuchangia mwezi huu. Akimpa mwongozaji maarufu Spike Lee, kijana wa filamu ya kwanza anabaki na nini?

---

Hesabu za Seti

Swali zuri. Mei 2013 Kickstarter yenyewe ilitoa takwimu: kati ya waliochangia Veronica Mars na Braff, 63% hawakuwahi kuchangia mradi wowote kabla. Na hao waliokuja na wakubwa walikuwa wamekwishatoa zaidi ya dola 400,000 kwa miradi mingine 2,200, karibu 40% ya hela hiyo ikienda kwa miradi ya filamu. Maana yake wengi hawakuhama kutoka kwa mdogo. Waliingia mlangoni kwa mara ya kwanza kwa sababu ya mtu wanayempenda.

---

Mweka Hazina

Gawanya basi. Laki nne kwa miradi 2,200 ni kama dola 182 kwa mradi. Ni kweli si wizi, ila na mvua kubwa pia haikunyesha. Wakubwa wawili walikuwa wakielekea milioni 8 na zaidi kwa pamoja. Mimi ningesema hawakuwadhuru wadogo, na hawakuwasaidia kwa kiasi wanachokitangaza.

Anayetaka kusaidia kweli anafanya kama mwandishi wa riwaya Brandon Sanderson. Machi 2022 alichangisha dola 41,754,153 kutoka kwa watu 185,341 kwa riwaya nne alizokuwa ameshaziandika, kisha akaenda kuchangia miradi zaidi ya 300 ya vitabu iliyokuwa wazi Kickstarter wakati huo. Na tuangalie hatari ya mchangiaji wake: miswada ipo mezani, kilichobaki ni kuchapa, kujalidi na kutuma. Msanii tajiri akija na kazi iliyokwisha kuiva, ubishi wangu unapungua zaidi ya nusu.

---

Taa Nyekundu

Kwa Spike Lee nakazia jambo moja. Julai 2013 aliomba milioni 1.25 akapata 1,418,910, lakini wachangiaji walikuwa 6,421 tu, wastani wa dola 221. Hiyo si kampeni ya fulana. Ngazi iliyovuta macho ilikuwa ya dola 10,000: chakula cha jioni naye na kiti chake cha pembeni mwa uwanja kwenye mechi ya Knicks, timu ya mpira wa kikapu ya New York. Mwongozaji mwenzake Steven Soderbergh alichukua moja. Kutuma chakula cha jioni hakuna posta wala forodha, kwa hiyo karibu dola zote 10,000 zinabaki kwenye filamu. Msanii mwenye jina kubwa anacho kitu hicho ambacho kijana hana, yaani muda wake. Akichangisha auze muda kwanza, fulana baadaye.

Ila muda nao una mwisho. Vikao 40 vya saa tatu ni saa 120, na ni saa ambazo ulitakiwa uwe chumba cha uhariri.

---

Karani wa Posta

Tusisahau pia walioanguka, maana wengi wanadhani jina linatosha. Mwanamuziki Björk alifungua kampeni Januari 2013 ya pauni 375,000 ili programu yake ya *Biophilia* iende kwenye Android. Aliifunga mwenyewe ndani ya wiki mbili hivi, michango ikiwa bado haijafika hata pauni 20,000. Mwigizaji Melissa Joan Hart mwaka huohuo aliomba dola milioni 2 za filamu, akaifunga ikiwa na dola elfu hamsini na kitu. Hesabu ya mafanikio haiangalii umaarufu, inaangalia mashabiki wanaodai *kitu hicho*. Veronica Mars ilikatwa mwaka 2007 na watu walikaa miaka sita wakiililia. Programu iliyokwisha kutoka kwenye simu nyingine haikuwa na kilio hicho.

Kuna anguko baya zaidi ya hilo, la kupata hela kisha kushindwa. Mwandishi Neal Stephenson mwaka 2012 alipata dola 526,125 kutoka kwa watu 9,023 kwa mchezo wa kompyuta wa upanga ulioitwa *Clang*. Mpango ulikuwa hela ile itengeneze kielelezo, kielelezo kilete wawekezaji, wawekezaji walipie mchezo. Kielelezo kikatoka, hakikuwa na raha ya kutosha kukicheza, wawekezaji hawakuja. Septemba 2014 akautangaza umekwisha. Waliorudishiwa hela walikuwa kama dazeni mbili waliokuwa wameomba, jumla dola 700 hivi.

Lengo lililoandikwa ni dola 500,000, gharama ya mchezo mzima ni kubwa zaidi, na tofauti itajazwa na mtu ambaye bado hajapatikana. Hiyo ndiyo bajeti ya kuikimbia hata kama anayeomba ni nani.

---

Pwani Sauti

Sasa kwa nini wasitupe hisa tu tukamaliza ubishi?

---

Hesabu za Seti

Mwaka 2013 sheria ya Marekani haikuruhusu. Sheria ya JOBS, iliyofungua mlango huo, ilitiwa saini Aprili 2012, lakini kanuni za kuuza hisa kwa watu wa kawaida kupitia mtandao zilianza kutumika 16 Mei 2016, na ukomo ulikuwa kama dola milioni moja kwa mwaka. Machi 2021 ukapandishwa hadi milioni 5. Kickstarter yenyewe inakataza kabisa kutoa hisa au mgao wa mapato kama zawadi. Kwa hiyo Thomas na Braff hata wangetaka, wasingeweza.

Leo kisingizio hicho hakipo. Tamthilia ya *The Chosen*, kati ya 2018 na mapema 2019, ilikusanya zaidi ya dola milioni 10 kwa kuuza hisa kwa maelfu ya watazamaji, kwa kanuni nyingine yenye ukomo mkubwa zaidi (Regulation A), wakaingia kwenye foleni kama wawekezaji. Gharama yake ni mawakili, hesabu zinazokaguliwa, na ripoti za kila mwaka. Kijana mwenye filamu ya dola 30,000 hawezi kubeba hayo. Msanii tajiri anaweza. Ndiyo maana namdai yeye zaidi: njia ya kunipa mgao anayo, akiamua kunipa fulana ameamua.

---

Mweka Hazina

Hapo nimekuelewa, na nasogea nusu hatua. Ila mwenye hisa pia ana hatari ambayo mwenye fulana hana. Hisa ya filamu huwezi kuiuza kesho asubuhi ukipata shida, na filamu nyingi hazirudishi mtaji. Fulana angalau utaivaa. Mtu asishawishike kuweka ada ya shule ya mtoto kwa sababu karatasi inasema "mwekezaji".

Na kwenye uwazi, mwanamuziki Amanda Palmer ni mfano wa kusoma kutoka pande zote mbili. Mwaka 2012 aliomba dola 100,000 za albamu akapata 1,192,793 kutoka kwa watu 24,883, kisha akaandika hadharani hela inakwenda wapi. Hapo alifanya vizuri. Miezi michache baadaye akatangaza anatafuta wapiga tarumbeta na vinanda vya nyuzi wa kujiunga jukwaani bila malipo. Wanamuziki wakapaza sauti, na walikuwa na haki: ukishaonesha milioni moja mbele ya watu, mstari wa mishahara kwenye bajeti hauwezi kuwa sifuri. Alibadili uamuzi akawalipa.

---

Pwani Sauti

Sawa. Mtu wa huku anayetaka kuchangia anaangalia nini? Na je, msanii wa huku anaweza kufungua kampeni yake?

---

Karani wa Posta

Kufungua, Kickstarter haijaweka Kenya wala Tanzania kwenye orodha ya nchi za waandaaji. Lazima uwe mkazi na uwe na akaunti ya benki kwenye nchi iliyoorodheshwa. Kwa Kenya ipo M-Changa, mtandao wa michango unaopokea kwa M-Pesa, ila huo ni mchango wa kawaida, haina mfumo wa "lengo lisipotimia hukatwi".

Kuchangia unaweza, kwa kadi inayokubali malipo ya dola mtandaoni. Kabla ya kubonyeza, tafuta kwenye ukurasa bajeti nzima, si lengo tu. Tafuta nani ana hakimiliki. Soma sehemu ya hatari. Ikiwa imeandikwa kwa sentensi mbili za jumla, muulize swali kupitia kitufe cha kumwandikia mwandaaji na uone kama anajibu kwa namba. Angalia bei ya posta hadi nchi yako, maana mara nyingine inazidi zawadi. Ukiona hivyo chukua ngazi ya faili tu.

Kickstarter hela inakatwa kampeni ikifaulu, siku ya kufungwa. Indiegogo, mtandao mwingine wa kuchangisha, kumekuwa na kampeni ambazo mwandaaji anachukua chochote kilichoingia hata lengo likikosekana, kwa hiyo soma ni aina gani. Kickstarter unaweza kujitoa kabla ya kufungwa, isipokuwa saa 24 za mwisho kama kujitoa kwako kutaushusha mradi chini ya lengo. Na kadi za kujaza zina tatizo moja: unaahidi leo, zinakatwa baada ya siku 30, na salio limekwisha tumika. Malipo yakigoma unapewa siku 7 za kurekebisha, kisha jina lako linaondolewa. Jaza siku mbili kabla ya kufungwa, na uongeze kidogo juu ya kiasi, kwa sababu dola ya siku ya kukatwa haitakuwa na bei ya siku uliyoahidi.